Majira ya Joto Berlin: Kutoka Mfupa wa Lindi hadi Kanisa la Udongo

Ukiingia Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe ya Berlin, ukumbi wa kwanza ni wa dinosaria, na aliyesimama katikati ni Giraffatitan. Mfupa wake mmoja tu, ule wa mguu wa mbele unaotoka begani hadi kwenye kiwiko, una urefu wa mita 2.13. Kichwa kiko mita 13.27 kutoka sakafuni. Mnyama huyu alifukuliwa Tendaguru, kilima kilichopo Lindi, kusini mwa Tanzania, kati ya 1909 na 1913, wakati Wajerumani wanaitawala nchi.

Kwa msomaji wa Kiswahili anayejikuta Berlin kati ya Juni na Agosti, awe mwanafunzi, mgeni wa ndugu zake au mtu wa safari ya kazi mwenye siku mbili za ziada, hapa ndipo pa kuanzia. Vitabu vya watalii vitakupeleka kwanza kwenye lango la Brandenburg. Lango halina kiingilio wala saa ya kufungwa, litakusubiri.

Mbele ya Giraffatitan usiridhike na picha moja ukaondoka. Mifupa ya miguu ni yenyewe, ya kweli. Pingili za shingo na za mgongo ulizoziona juu ni za kutengenezwa, kwa sababu zile halisi ni nzito na zinavunjika upesi mno kuning'inizwa. Fuvu la juu pia ni nakala; la asili limehifadhiwa peke yake. Wala huyu si mnyama mmoja: ameunganishwa kutokana na mifupa ya wanyama kadhaa wa aina moja. Aliposimamishwa mara ya kwanza, 1937, walimtanua viwiko kama mjusi na mkia ukaburuta chini. Ukumbi ulipokarabatiwa na kufunguliwa upya 2007, miguu ikanyooshwa chini ya mwili na mkia ukainuliwa, kama wataalamu wanavyoamini sasa kwamba alitembea.

Wenzake wa ukumbini, Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, Dicraeosaurus, Elaphrosaurus, nao ni wa Lindi. Kwa jumla zilisafirishwa tani zaidi ya 200 za visukuku. Hakukuwa na reli wala gari la kuvibeba. Wapagazi walivichukua kichwani na mabegani kutoka kilimani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Wanasayansi walioandikwa kwenye vichwa vya habari ni Werner Janensch na Edwin Hennig. Lakini mkuu wa wachimbaji, mnyapara aliyefundishika kufukua na kuandaa mifupa yenyewe, alikuwa Boheti bin Amrani. Mianzi ilikatwa huko huko ikafungwa kuzunguka mifupa ili isipasuke njiani. Na yote haya yalifanyika miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, katika nchi ambayo mashamba yalichomwa na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Ukilijua hilo, unamtazama mnyama huyu kwa jicho lingine.

Sasa mambo ya mlangoni. Makumbusho haya hufunguliwa Jumanne hadi Ijumaa saa 3:30 asubuhi, na Jumamosi na Jumapili saa 4:00, hadi saa 12:00 jioni. Jumatatu yamefungwa. Kata tiketi mtandaoni kabla ya kutoka nyumbani, hasa kama mvua inatabiriwa: siku ya mvua familia zote zilizokuwa ziende ziwani huhamia hapa, na foleni inaweza kukula saa nzima. Kabla shule hazijafungwa kwa likizo ya kiangazi, asubuhi za katikati ya wiki hujaa vikundi vya wanafunzi. Wengi wao wanaondoka wakati wa chakula cha mchana. Begi kubwa la mgongoni halipiti, linaachwa kwenye kabati la kufuli, kwa hiyo weka sarafu za yuro 1 na yuro 2 mfukoni. Watu wengi hutoka bila kuona chumba cha chupa: vyombo vya kioo karibu 276,000 vyenye samaki, nyoka na kaa ndani ya spiriti, vimepangwa kwenye rafu zinazong'aa gizani. Kisha kuna Archaeopteryx, kisukuku cha ndege mwenye meno, ndani ya chumba chake. Tenga saa mbili na nusu.

Ukitoka, usirudi katikati ya mji. Mbele ya makumbusho inapita tramu M10. Panda inayoelekea mashariki, ushuke kituo cha Gedenkstätte Berliner Mauer, vituo vichache tu. Hapo ndipo lilipo kanisa ninalolipa nafasi ya kwanza Berlin nzima, nalo ni dogo kiasi kwamba mtu anaweza kulipita akidhani ni ghala la mbao.

Linaitwa Kapelle der Versöhnung, kanisa la upatanisho. Mahali hapo palikuwa na kanisa kubwa la matofali lililojengwa 1894. Ukuta wa Berlin ulipojengwa 1961 kanisa lilibaki katikati ya ukanda uliolindwa na askari, waumini hawana njia ya kulifikia. Januari 1985 serikali ya Ujerumani Mashariki ikalilipua. Ukuta ukaanguka miaka minne baadaye. Waumini walipopata nafasi ya kujenga tena walikataa zege. Ukuta wa ndani ni wa udongo wa kushindilia, unene wa sentimita 60, na ndani ya udongo huo wamechanganya vipande vya matofali ya kanisa lililolipuliwa. Likawekwa wakfu tarehe 9 Novemba 2000.

Usogelee ukuta huo hadi uone chembe zake. Anayetoka kwenye nyumba za udongo, za Iringa au za Kitui, atazitambua tabaka: udongo wenye unyevunyevu hutiwa ndani ya mbao, unashindiliwa mpaka unapungua, unatiwa mwingine juu yake. Mistari ya kila tabaka inaonekana bado, imelala kama mistari ya mkeka. Humo ndani kuna vigae vyekundu, vipande vya kauri, na vijiwe. Unyuzi wa kitani ulichanganywa ili ukuta usipasuke ukikauka, kazi ile ile inayofanywa na majani makavu kwetu. Nje yake kuna ngozi ya pili ya mbao nyembamba zilizosimama kwa nafasi, na kati ya udongo na mbao unaweza kutembea. Siku ya joto kali, nyuzi 33 au 34, ndani kuna ubaridi wa pango.

Jumanne hadi Ijumaa saa 6 mchana kamili kuna sala fupi ya kumkumbuka mmoja wa watu waliouawa kwenye ukuta. Waliothibitishwa ni watu 140, na kila siku husomwa maisha ya mmoja wao. Ni dakika 15 hivi, kwa Kijerumani, lakini hata asiyejua lugha atasikia jina, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Fika dakika kumi kabla. Milango ikishafungwa si adabu kuingia. Hakuna kiingilio. Nje ya kanisa kuna shamba dogo la nafaka ya jamii ya ngano, ile ya mkate mweusi, lililopandwa pale pale walipotembea askari na mbwa. Ukija mwezi wa saba utalikuta limeiva au limeshavunwa.

Nimeanza na hivi viwili kwa makusudi. Matembezi ya namna hii huharibika kwa kosa moja kuliko mengine yote: kupanga makumbusho matatu kwa siku. Baada ya saa tatu za kusimama macho yanaangalia lakini hayaoni tena. Makumbusho moja asubuhi, kanisa moja mchana, muziki jioni: huo ndio mzigo ambao mwili unaubeba kwa siku tano mfululizo bila kulalamika. Na makanisa ya mchana si pengo la kujazia. Ni miongoni mwa sehemu za mji ambapo unaruhusiwa kukaa kwenye kivuli, kimya, bila kununua kitu.

Kosa la pili ni Jumatatu. Makumbusho mengi ya Berlin hufungwa siku hiyo. Humboldt Forum, lile jengo lililochukua sura ya kasri la wafalme, lenyewe hufungwa Jumanne na hufunguliwa Jumatatu, kwa hiyo liwekee Jumatatu yako. Humo ndimo yalimo mikusanyo ya makumbusho ya tamaduni, pamoja na vitu vilivyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni, na watafiti wa Kitanzania na Kijerumani wamekuwa wakifuatilia asili ya vitu vilivyoporwa wakati wa Maji Maji. Tarehe 1 Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha akiwa Songea. Soma vibao vya maelezo kwa makini: tazama mwaka, tazama neno lililotumika kueleza jinsi kitu kilivyofika Berlin. Neno "kilikusanywa" linaficha mengi, na mtu anayeijua historia ya Kusini ana haki ya kuuliza kilikusanywa na nani, na bunduki ilikuwa wapi.

Kuhusu kisiwa cha makumbusho, Museumsinsel, jambo moja linawauma wageni wengi: Pergamonmuseum limefungwa lote tangu Oktoba 2023 kwa ukarabati, na sehemu ya kwanza inategemewa kufunguliwa 2027. Usiende ukitarajia lango la Babeli. Nenda Neues Museum, kwenye kichwa cha malkia Nefertiti, kwa tiketi yenye muda maalumu wa kuingia. Ndani ya chumba chake kupiga picha ni marufuku, na wahudumu hawana mzaha. Walio chini ya miaka 18 hawalipi kwenye makumbusho ya taifa.

Nirudi kwenye makanisa. Kaiser-Wilhelm-Gedächtniskirche, magharibi mwa mji, ni mnara uliovunjika kilele, ambao wenyeji waliubatiza jina la jino lenye tundu. Ulipigwa mabomu usiku wa kuamkia 23 Novemba 1943 na ukaachwa hivyo. Wengi hupiga picha mnara wakaondoka, na hapo wanakosa lililo bora: kanisa jipya la pembe nane kando yake, la 1961, kazi ya msanifu Egon Eiermann. Kuta zake ni vioo vya buluu zaidi ya 20,000, kazi ya Gabriel Loire wa Chartres, vimetiwa ndani ya fremu za zege. Kuta ziko mbili, moja ndani ya nyingine, na nafasi kati yake ndiyo inayozuia kelele za barabara. Basi linapita mita chache tu nje na humsikii hata dereva anayepiga honi. Kaa dakika 20. Dakika tano za kwanza jicho linaona buluu tu. Baadaye linaanza kuona nyekundu, kijani na njano zilizotawanywa humo kama shanga. Kiingilio hakuna. Jumamosi nyingi za mwaka, saa 12 jioni, kuna ibada yenye kantata ya Bach, waimbaji na okestra kamili, ila majira ya joto kuna mapumziko, kwa hiyo tazama ratiba kwanza.

Berliner Dom, lile la kuba kubwa kando ya mto, linatoza mtalii kiingilio, lakini anayekuja ibada halipi. Ibada ya Jumapili huanza saa 4 asubuhi. Ukitaka kusikia kinanda chake bila gharama, hiyo ndiyo njia, mradi uende kuabudu kwa heshima na si kupiga picha. Kinanda kilitengenezwa na Wilhelm Sauer na kumalizika 1905, kina mabomba 7,269. Sauti nzito kabisa ya mabomba makubwa unaisikia kwa kifua na kwa ubao wa benchi kabla sikio halijaitambua. Kuba inarudisha mwangwi mrefu, ndiyo maana nyimbo za haraka huchanganyika ukikaa nyuma, sogea mbele. Kupanda juu kwenye kuba ni ngazi 270, hazina lifti.

Na St. Hedwig, kanisa kuu la Wakatoliki, lilifunguliwa tena Novemba 2024 baada ya ukarabati wa miaka. Ndani ni duara jeupe, altare katikati. Nje yake ni Bebelplatz, ambapo vitabu vilichomwa tarehe 10 Mei 1933. Tafuta kioo kilichofukiwa sakafuni mwa uwanja: chini yake kuna chumba cha rafu tupu.

Kanisa lolote linaweza kufungiwa watalii ghafla kwa harusi, mazishi au mazoezi ya kwaya. Usibishane mlangoni. Tazama tangazo, rudi baada ya saa moja. Maneno machache ya kwenye mabango yatakuokoa: Eintritt frei ni bure, Spende erbeten maana yake sadaka inaombwa, na yuro 5 si haba, Abendkasse ni dirisha la tiketi jioni ile ile, ausverkauft, zimeisha.

Muziki nao una mtego wake. Mgeni huja Julai akitaka kwenda opera au kuisikia okestra ya Berliner Philharmoniker ukumbini kwao, akakuta milango imefungwa. Msimu wa okestra na opera huisha mwanzoni mwa kiangazi na kuanza tena mwishoni mwa Agosti au Septemba. Katikati ya hapo muziki unahamia makanisani na uwanjani, na ratiba yake ni tofauti.

Tarehe 21 Juni ni Fête de la Musique, desturi iliyoanza Ufaransa 1982 na kufika Berlin 1995. Wanamuziki hupiga mitaani na bustanini, bure. Jua linazama karibu saa 3 na nusu usiku, lakini nje muziki hukoma saa 4 usiku kwa sababu ya sheria ya utulivu. Usikimbie huku na huko kufuata majukwaa. Chagua mtaa mmoja, tembea kwa miguu. Agosti kuna Young Euro Classic ndani ya Konzerthaus, uwanja wa Gendarmenmarkt: okestra za vijana kutoka nchi nyingi, tangu 2000, tiketi za bei nafuu. Kwa anayeanza muziki wa okestra, hakuna mahali pazuri zaidi. Vijana wale hupiga kana kwamba ndiyo mara yao ya mwisho, na ukumbi unawaitikia. Kisha mwishoni mwa Agosti huja usiku mrefu wa makumbusho, Lange Nacht der Museen, ulioanzia Berlin 1997: tiketi moja, milango wazi kuanzia saa 12 jioni hadi saa 8 usiku. Panga makumbusho matatu tu, na yale makubwa yaache hadi baada ya saa 4 usiku, watoto wakishapelekwa kulala.

Hapa niseme la saa. Tiketi ikiandika 20 Uhr, ni saa 2 usiku kwetu. Mjerumani akikwambia halb acht, neno kwa neno "nusu ya nane", anakusudia saa moja na nusu usiku, yaani nusu ya kuelekea nane yao. Wengi wamefika tamasha limefika katikati kwa sababu ya maneno hayo mawili.

Usafiri: mji umegawanywa kanda A, B na C. Yote niliyoyataja yamo ndani ya AB. Ukienda Potsdam au uwanja wa ndege unahitaji ABC, na mkaguzi akikukuta na AB faini ni yuro 60, mgeni na mwenyeji sawa. Tiketi ya karatasi ipigwe mhuri kwenye kimashine kabla ya kupanda treni. Anayekaa mwezi mzima atazame Deutschlandticket, iliyoanza 2023 kwa yuro 49 na sasa, 2026, ni yuro 63. Ni ya kulipia kila mwezi mpaka uisitishe, na usitishaji unatakiwa ufanywe kufikia tarehe 10. Ukichelewa, pesa ya mwezi unaofuata imeshakwenda. Jumapili maduka yamefungwa, maji nunua Jumamosi. Chupa tupu usitupe, ya plastiki mara nyingi ina dhamana ya senti 25 unayorudishiwa dukani. Treni za chini ya ardhi hazina kiyoyozi.

Jioni iliyobaki bila tamasha, panda U6, treni ile ile inayopita Naturkundemuseum, hadi kituo cha Afrikanische Straße. Utakuta Sansibarstraße, Ugandastraße, Usambarastraße, majina yaliyowekwa kuusifu ukoloni. Mtaa uliokuwa na jina linalohusishwa na Carl Peters, ambaye pwani yetu ilimjua kwa ukatili, sehemu yake inaitwa Maji-Maji-Allee tangu Agosti 2024. Simama chini ya kibao hicho. Ni mwendo mfupi tu kwa treni kutoka kwenye mifupa ya Tendaguru.

Mwisho ni Waldbühne, uwanja wa wazi uliojengwa bondeni kwa ajili ya Olimpiki ya 1936, unaochukua watu zaidi ya 20,000. Hapo Berliner Philharmoniker hufunga msimu wake kila Juni. Ni mabenchi bila paa, na mvua haisimamishi tamasha. Mwavuli unamziba wa nyuma, kwa hiyo chukua koti la mvua. Chukua pia mto wa kukalia na sweta, kwa sababu bondeni baridi hushuka mara jua likizama, hata kama mchana ulikuwa wa kuungua. Begi lisizidi ukubwa wa karatasi ya A4. Wimbo wa mwisho ni ule ule kila mwaka, Berliner Luft wa Paul Lincke, na umati mzima huupigia mbinja kwa pamoja. Hata asiyejua neno moja la Kijerumani anaweza kushiriki. Baada ya hapo watu wote huelekea kituo cha Pichelsberg kwa wakati mmoja. Tembea badala yake dakika kama 20 hadi kituo cha U2 cha Olympia-Stadion, foleni ni fupi zaidi.